Moto wa miwa Durban: nani hulipa gharama?

Kila msimu wa mavuno, kuanzia takriban mwezi Aprili hadi Desemba, moshi mzito hupanda kutoka vilima vya kaskazini mwa Durban, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Muda mfupi baadaye masizi huanguka juu ya nguo zilizoanikwa na mapaa ya nyumba. Wakazi hawashangai: ni miwa inayochomwa kabla ya kukatwa. Majani makavu huteketea kwa dakika chache, na shina lenye maji mengi hubaki limesimama.

Historia ya miwa hiyo ni historia ya kutafuta mikono ya kuikata. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, mlowezi Edmund Morewood alitengeneza sukari katika shamba lake la Compensation, kaskazini mwa Durban. Wazulu wengi, waliokuwa na ardhi na mifugo yao, hawakuwa tayari kufanya kazi ya shamba kwa masharti ya walowezi. Ndipo, tarehe 16 Novemba 1860, meli ya Truro ilipotia nanga Durban ikiwa na wafanyakazi wa mkataba kutoka India. Hadi mwaka 1911 walikuwa wamefika zaidi ya 152,000.

Mwaka 1913 moto huo uligeuka kuwa silaha. Wahindi waliomaliza mikataba walitozwa kodi ya pauni 3 kwa mwaka, na mgomo wa kuipinga, uliohusishwa na Mohandas Gandhi, ulienea kutoka machimbo ya makaa ya mawe hadi pwani. Mashamba kadhaa ya miwa yaliwaka moto, na huko Mount Edgecombe wafanyakazi waliuawa kwa risasi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1914.

Kwa mwenye shamba, moto wa mavuno una faida iliyo wazi. Mkata miwa hulipwa kwa kadiri ya kazi aliyoimaliza, na miwa iliyochomwa hukatwa kwa haraka zaidi. Moto humwondolea majani makali yanayochana mikono, na hufukuza nyoka. Badala yake, mkataji hushinda kutwa ndani ya majivu.

Lakini ardhi nayo ina hesabu yake. Mwaka 1939, watafiti wa kituo cha sukari cha Mount Edgecombe walianza kulinganisha vipande vya shamba vinavyochomwa na vile ambavyo majani huachwa juu ya udongo. Jaribio hilo limeendelea kwa zaidi ya miaka 80. Limeonyesha kwamba majani yaliyoachwa huhifadhi unyevu, huzuia magugu na huongeza rutuba ya udongo. Anayechoma leo hukopa kutoka kwa udongo wa kesho.

Sheria ilikuja kugawa upya mzigo huo. Sheria ya moto wa nyika na misitu ya mwaka 1998 inamtaka mwenye ardhi kutengeneza ukanda uliosafishwa wa kuzuia moto, na kuwa na vifaa na watu waliofundishwa kuuzima. Hatari inapotangazwa kuwa kubwa, kuwasha moto nje ni marufuku. Moto ukivuka mpaka na kumtia jirani hasara, mwenye shamba huhesabiwa mzembe mpaka athibitishe vinginevyo, isipokuwa awe mwanachama wa chama cha kujikinga na moto katika eneo lake.

Mkulima makini huwaarifu majirani mapema, hupima upepo, na huchoma alfajiri au jioni upepo unapotulia. Huchoma sehemu ndogo tu, kwa kuwa miwa iliyoungua hupoteza sukari haraka na lazima ifikishwe kiwandani bila kuchelewa. Wala haondoki kabla cheche ya mwisho haijazimika.

Msikilizaji wa Kilombero, nchini Tanzania, anaufahamu moto huu, kwani huko pia miwa huchomwa kabla ya kuvunwa. Kanuni nzuri zinaweza kuuzuia usivuke mpaka wa shamba. Ila hazijibu swali lililoanza na mavuno ya kwanza ya Natal: moto ukiachwa, nani atamlipa mkata miwa kwa saa za ziada atakazotumia katikati ya majani mabichi?