Mazungumzo ya silaha Geneva: nani anaruhusiwa kuingia?

Msikilizaji, katika habari za dunia tunautaja Mkutano wa Upokonyaji wa Silaha. Hiki ni chombo kilichoanza mwaka 1979 na hukutana Geneva, Uswisi. Ndicho kilichojadili mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, uliokamilika 1992.

Wanachama wake ni nchi 65 tu. Kenya, Ethiopia na DRC zimo. Tanzania na jirani zetu Zambia hatumo. Mara ya mwisho kuongeza wanachama ilikuwa 1999.

Nchi isiyo mwanachama huomba kila mwaka kuwa mtazamaji. Ikikubaliwa, inasikiliza na kuzungumza, lakini haiamui. Na kwa kuwa wanachama wote lazima wakubaliane, nchi moja ikipinga, ombi linakwama. Urusi imewahi kuzuia hivyo maombi ya baadhi ya nchi za Ulaya.

Linatuhusu vipi? Ajenda mojawapo ya siku nyingi ni kuzuia urutubishaji wa urani ya kutengenezea mabomu. Madini ya urani tunayo hapa kwetu, Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, Ruvuma. Makubaliano yakifikiwa pale, tutaombwa kusaini yaliyoamuliwa na wengine.