Merikebu za Seyyid Said: Historia Fupi ya Manowari za Unguja

Katika zama za Seyyid Said bin Sultan, mbele ya jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, ilikuwa ikitia nanga daima merikebu iitwayo Rahmani, ambayo kazi yake, kama alivyosimulia bintiye Sultani, Bibi Salme, ilikuwa kupiga mzinga wa kuwaamsha watu kula daku katika mwezi wa Ramadhani, na kutoa wapiga makasia wa mashua za jumba. Anayesikia habari hiyo leo huenda akadhani kuwa merikebu za Sultani zilikuwa pambo la kifalme. Kumbe zilikuwa ndiyo uti wa mgongo wa dola, kwa maana ufalme uliotandaa kutoka Maskati hadi Kilwa, wenye bahari katikati yake, haukuwa na njia nyingine ya kuushika ila kwa tanga na mzinga.

Manowari iliyokuwa kubwa kuliko zote ni Liverpool, yenye mizinga 74, iliyoundwa Bombay mwaka 1826. Kwa manowari hiyo Seyyid Said aliwaendea Wamazrui, watawala wa Mombasa, mwaka 1828, na katika safari hiyo hiyo akafika Unguja kwa mara ya kwanza, akapendezwa na kisiwa hiki hata mwisho akakifanya makao yake. Mwaka 1836 akaitoa Liverpool hidaya kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza, nao Waingereza wakaiita Imaum. Wapo waliomwona Seyyid ametupa mali, lakini mimi naona alijua alitendalo: manowari kubwa kama ile hula mishahara, kamba na lami kila siku, nayo haichukui shehena ya kutosha kuyalipa hayo, akaitoa isiyomfaa, akanunua kwayo urafiki wa dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote baharini.

Na hapo ndipo ilipo hekima ya idara hii ya merikebu. Vita vikiisha, vyombo vile vile vilivyobeba baruti vilipakia karafuu na pembe za ndovu, vikaenda Bombay, na baadaye London na New York. Haifai tena kuficha kwamba karafuu hizo, zilizolipa gharama ya matanga, zilichumwa na mikono ya watumwa. Anayeandika tarehe ya merikebu hizi akaliacha hilo ameandika nusu.

Safari iliyotukuka kuliko zote ni ya Sultanah, chombo cha milingoti mitatu na mizinga 14, kilichoundwa Bombay mwaka 1833, mwaka ule ule ambao Seyyid alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Ilitoka Maskati mwishoni mwa 1839 na tende, kahawa ya Mokha na mazulia ya Kiajemi. Ikapitia Unguja ikaongezewa pembe 108 za ndovu, magunia 135 ya karafuu, sandarusi, na ngozi kavu 1,000. Ikang'oa nanga Februari 1840, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili ikaingia New York. Aliyeishika njia baharini alikuwa Mwingereza, William Sleeman, bali mwenye amri na risala ya Sultani alikuwa Ahmad bin Naaman Al-Kaabi.

Watu wa New York walimiminika gatini kumtazama. Alikuwa amemchukulia Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali za Kashmiri na marashi ya waridi. Na kwa kuwa sheria ya nchi ile haimruhusu Rais kupokea tunu za wafalme kwa nafsi yake, farasi wale wakauzwa mnadani na thamani yao ikatiwa hazina. Serikali ya Marekani ikaichukua Sultanah, iliyokuwa imechakaa kwa safari, ikaitengeneza katika karakana ya manowari ya Brooklyn bila ya kudai malipo. Mchoraji Edward Mooney akamchora Ahmad: mtu mzima mwenye ndevu na kilemba, uso wake umetulia, kama aliyezoea kutazamwa na asiyejali. Agosti chombo kikatweka, na Disemba kikarejea Unguja na merekani, shanga na baruti.

Warusi wamemsimamishia sanamu Admirali Krusenstern, aliyeizunguka dunia baina ya 1803 na 1806, kwenye ukingo wa mto Neva, mbele ya chuo cha wanamaji wao. Ahmad bin Naaman hakuizunguka dunia wala hakugundua nchi mpya. Lakini alikuwa mjumbe wa Sultani aliyefika Marekani, akaenda na akarudi, na hesabu yake ikakamilika. Alifariki mwaka 1869, akiwa ameona mengi yakipita.

Kwani Seyyid Said alifia baharini, karibu na Visiwa vya Shelisheli, tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake Victoria. Mwanawe Barghash, aliyekuwamo chomboni, akamleta maiti Unguja, akazikwa usiku. Milki ikagawanywa mwaka 1861, Omani mbali na Unguja mbali. Kisha ikaja tufani ya Aprili 1872, ikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini.

Barghash, alipotawala, alinunua meli za moshi, Nyanza ikiwa mojawapo, zikawa zikienda Bombay kwa biashara, na huo ulikuwa mwendo wa baba yake. Lakini pia aliagiza Scotland manowari ya fahari, Glasgow, iliyokamilika 1878, nayo ikakaa bandarini miaka mingi bila ya kazi yenye maana. Tarehe 27 Agosti 1896, Seyyid Khalid, mwana wa Barghash, alipolishika jumba la Sultani na Waingereza wakalipiga kwa mizinga, Glasgow ikathubutu kuirushia risasi manowari ya Admirali Rawson, St George. Ikajibiwa, ikatobolewa, mabaharia wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha kusalimu amri, wakaokolewa kwa mashua, na chombo kikazama mbele ya mji, milingoti yake ikabaki juu ya maji mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912.

Jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja, lililoporomoka sehemu yake mwaka 2020, litakapomalizika kutengenezwa, naomba upatikane ukuta mmoja unaoelekea bandarini kwa ajili ya mabaharia hawa, na jina la Ahmad bin Naaman liandikwe juu, pamoja na tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurejea.