Mofini ya Kunywa: Historia ya Kutuliza Maumivu ya Wazee kutoka London hadi Kampala

Mofini, dawa kali ya maumivu inayotokana na afyuni, yaani utomvu wa mmea wa mpopi, ilitenganishwa na mwanafamasia Mjerumani Friedrich Sertürner mwanzoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1827 duka la dawa la familia ya Merck huko Darmstadt lilikuwa limeanza kuitengeneza kwa biashara. Hata hivyo, zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla mzee aliyekuwa akifa kwa saratani hajaweza kuipata kwa kiasi na kwa wakati uliomfaa. Dawa ilikuwepo muda huo wote. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuitoa, na baada ya utaratibu kupatikana, ikakosekana ruhusa. Kwa sababu hiyo historia ya kutuliza maumivu ya uzeeni inawahusu wauguzi na watunga sheria kuliko inavyowahusu wanakemia.

Hadi katikati ya karne ya 20, desturi ya hospitali nyingi za Ulaya ilikuwa kumchoma mgonjwa sindano ya mofini pale tu maumivu yalipomzidi, kisha kusubiri yarudi ndipo achomwe tena, kwa hofu kwamba dawa ikitolewa mfululizo ingemfanya awe mraibu. Utaratibu huo ulimlazimu mgonjwa kuumia kwanza ili astahili nafuu, na waliodhurika zaidi walikuwa wazee, ambao wengi wao hawakupiga kelele, ama kwa staha, ama kwa kupungukiwa kumbukumbu, ama kwa kuamini kwamba kuumwa ni sehemu ya umri. Madaktari nao waliamini hivyo hivyo. Tawi la tiba linaloshughulikia magonjwa ya uzeeni lilianza kupata heshima Uingereza kuanzia mwaka 1935 tu, pale Dkt. Marjory Warren alipokabidhiwa mamia ya wagonjwa wa muda mrefu katika hospitali ya West Middlesex, akagundua kwamba wengi walilazwa kitandani miaka na miaka bila hata kuchunguzwa sawasawa.

Mabadiliko yalianzia mahali padogo. Nyumba ya St Luke's jijini London, iliyofunguliwa mwaka 1893 kwa ajili ya maskini waliokaribia kufa, ilikuwa na mazoea ya kuwapa wagonjwa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na baadaye mhudumu wa ustawi wa jamii, aliyaona mazoea hayo alipojitolea hapo mwishoni mwa miaka ya 1940. Akaenda kusomea udaktari, na kuanzia mwaka 1958 akayatumia na kuyawekea kumbukumbu za kitabibu katika hospisi ya St Joseph's, mtaa wa Hackney. Hospisi ni nyumba au huduma ya kuwatunza watu ambao ugonjwa wao hautarajiwi kupona. Kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba mgonjwa anayepewa dawa kabla ya maumivu hatawaliwi na hamu ya dawa, bali hula, hulala na huzungumza na jamaa zake. Mwaka 1967 Saunders alifungua hospisi yake, St Christopher's, na fundisho lake kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya imani na ya kukosa msaada wa jamii huchangamana likaenea duniani.

Shirika la Afya Duniani lilichukua sehemu ya fundisho hilo mwaka 1986 lilipotoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, maarufu kwa jina la ngazi yenye hatua 3: kwanza dawa za kawaida kama aspirini na parasetamoli, kisha dawa za kati kama kodeini, na mwisho mofini, zote zikitolewa kwa mdomo kila inapowezekana na kwa kufuata saa. Kwa wazee ngazi hiyo ilihitaji uangalifu, kwa kuwa figo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, hivyo mabaki ya mofini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kuleta usingizi mzito au kuchanganyikiwa. Hata dawa za hatua ya kwanza za jamii ya aspirini, ambazo watu wengi huzidhania kuwa salama kwa sababu huuzwa dukani, huweza kumtoa mzee damu tumboni.

Aliyeileta Afrika Mashariki njia hiyo ya kunywa mofini kwa saa, kwa namna iliyodumu, Dkt. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alikuwa amefanya kazi Nigeria akiwa mtawa, kisha akabobea Uingereza katika tiba ya wazee. Miaka ya 1980, alipokuwa akifundisha chuo kikuu huko Singapore, aliwakuta wagonjwa waliorudishwa nyumbani bila dawa ya kutosha, na wafamasia wa hospitali ya chuo hicho wakamsaidia kupata mchanganyiko rahisi mno: unga wa mofini, maji, kihifadhi cha kuzuia kuharibika, na rangi ya kutofautisha dawa hafifu na kali. Mwaka 1990 aliitwa kuwa mganga mkuu wa kwanza wa Nairobi Hospice, na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, katika jengo la kuazima la hospitali ya Nsambya, akiwa na timu ya watu 3 na fedha za miezi 3, baada ya serikali kukubali kwanza kuagiza unga wa mofini.

Dawa ilikorogwa jikoni na kutiwa katika chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika. Mzee dhaifu alianzishiwa miligramu 2.5 kila baada ya saa 4, na kipimo cha kulalia kiliongezwa maradufu ili asiamke usiku, huku akipewa pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo karibu kila mara. Palipokosekana dawa hiyo, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zilitumika. Merriman alizoea kusema kwamba dawa ya siku kadhaa iligharimu chini ya bei ya mkate. Wauguzi waliwafuata wagonjwa majumbani, wakiwemo akina jajja, kama Waganda wanavyowaita bibi na babu, ambao ukimwi ulikuwa umewaachia wajukuu wa kulea wakati wao wenyewe walihitaji kulelewa.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa sheria, iliyompa daktari peke yake mamlaka ya kuandika mofini katika nchi ambayo wagonjwa wengi wa vijijini hawakuwahi kumwona daktari. Mwaka 2004 Uganda ilitunga kanuni zilizowaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyeweza kuponywa, kuandika dawa hiyo wenyewe. Kati ya yote yaliyofanyika Kampala hili ndilo lenye uzito mkubwa zaidi, hata kuliko mchanganyiko wenyewe, kwa kuwa unga na maji vingeweza kupatikana popote. Tanzania, ambako taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam ilikuwa kwa miaka mingi karibu chimbuko pekee la mofini ya kunywa, na Kenya, iliyokuwa na hospisi miaka mitatu kabla ya Uganda, zilienda kwa mwendo wa polepole zaidi.

Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawanywa duniani kila mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1, yaani kilo 100 tu.