Albert Lubaki, mchoraji wa Bukama

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba ufundi wa kuchora picha uliletwa katika nchi yetu pamoja na shule. Habari za Albert Lubaki zatuonyesha kwamba sivyo.

Bukama ni mji wa Katanga, kando ya mto Lualaba. Reli ilifika pale mwaka 1918, na abiria walishuka katika gari la moshi wakapanda meli ya mto. Katika mji huo wa wapita njia Lubaki alichonga pembe za ndovu. Tena alipaka picha kwenye kuta za nyumba. Lakini ukuta ni udongo, na mvua haiuhurumii udongo. Picha ya mwaka huu, mwaka ujao haipo.

Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya koloni, alizipenda picha hizo. Akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, achore kwa akili yake mwenyewe. Antoinette, mke wa Lubaki, naye akachora. Walichora wanyama, miti, watu na mambo ya hadithi. Pembeni waliacha karatasi nyeupe, kama vile ukuta uliopakwa chokaa. Huko Ibanshe, katika Kasai, Djilatendo, fundi wa kushona nguo, naye alipewa karatasi na Thiry.

Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka 1930 Geneva. Watu wa Ulaya walizisifu sana. Lakini sifa haikudumu. Kisha miaka ikapita; picha zikatunzwa, na mchoraji akasahauliwa. Mwaka 2015 tu, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo huko Paris yalianza hesabu yake katika mwaka 1926, yaani kwa Lubaki na wenzake.

Tuangalie sasa jambo la ualimu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji katika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Watu waliiita Hangar. Mwalimu huyo hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Basi Bela alipaka rangi kwa vidole, Pilipili alichora samaki na ndege, Mwenze alijaza picha yake kwa mistari mifupi mifupi. Kila mmoja alijulikana kwa mkono wake. Mwalimu alikufa mwaka 1954. Pilipili na Mwenze wakawa walimu nao, wakafundisha vijana wa mji ule.

Hapo twaona tofauti. Lubaki alipata karatasi, akapata na sifa, lakini hakupata nyumba ya kuwafundishia vijana. Kwa hiyo kazi yake ilikwenda mbali bila kuacha mlango wazi nyumbani. Wale wa Hangar waliachiwa mlango, nao wakauacha wazi kwa wengine.

Sisi Wakristo twajua mfano wa Bwana wetu juu ya mtumishi aliyezika talanta yake ardhini. Mara nyingine si mtumishi anayeizika, ni sisi jirani zake. Mtoto akichora kwa mkaa ukutani, twamgombeza, na tena twanunua picha ya mgeni tuitundike palepale. Tumkataze kuchafua nyumba, ni haki. Lakini siku ileile tumpe karatasi, na tumtafutie mtu wa kumwongoza.