Historia Fupi ya Kuwatunza Wagonjwa wa Akili, Pamoja na Swali Lililoulizwa Mkutanoni



Katika mkutano mkuu uliopita mama mmoja alisimama akauliza swali, nasi tuliliandika daftarini hivi: Chama hununua jeneza, je, hakiwezi kununua dawa kabla ya jeneza? Mwanawe ni mgonjwa wa akili. Alikuwa ameomba nauli ya kumpeleka kliniki, akajibiwa kwamba mfuko wa wagonjwa ni wa yule aliyelazwa kwa ugonjwa wa mwili. Barua ya jibu hilo tuliiandika sisi kwa kufuata kanuni, wala hatukuifurahia. Halmashauri ikatuagiza tutafute jinsi mambo haya yalivyokuwa tangu zamani.

Hapa Isukha mtu aliyeitwa mulalu alikuwa na kwao. Ndugu zake walimpikia, walimtafuta alipopotea, na walikwenda kwa waganga kuuliza ni kosa gani la ukoo lililoleta msiba ule. Lakini tusiipambe zamani kupita kiasi. Mwenye fujo alifungwa kamba, na ziko nyumba zilizomficha mtu wao kwa kuogopa kwamba mabinti hawataposwa. Hofu hiyo ingaliko, na kila mzee asomaye hapa aweza kuitaja nyumba moja.

Misheni ya Mukumu ilianzishwa mwaka 1906. Miaka 4 baadaye, mwaka 1910, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wazimu huko Nairobi, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Jambo hilo latufundisha mengi: mahali palipowekwa watu wasije wakaambukiza wenzao ndipo palipochaguliwa kwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1924 jina likabadilishwa kuwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Wazungu, Wahindi na Waafrika walikaa mbalimbali, na sehemu ya Waafrika ndiyo iliyosongamana. Kwa mtu wa kwetu, Mathari ilikuwa zaidi ya kilomita 350. Aliyepelekwa huko alifika bila mtu wa kumsemea kwa lugha yake, na mama yake hakuwa na njia ya kumletea hata ugali.

Tangu 1938 hadi 1950 mkuu wa Mathari alikuwa Daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alisema pia kwamba wazimu ni haba miongoni mwa Waafrika wakaao vijijini. Aliwahesabu zaidi wale waliofikishwa hospitali. Sisi makarani twalijua kosa hili vizuri, maana daftari humhesabu aliyeandikwa tu. Waliokuwa wamefungwa nyuma ya nyumba za mamazao hawakuwamo.

Jibu lilitoka kwa Mwafrika. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kazi mpya huko Aro, karibu na Abeokuta, nchini Nigeria. Mgonjwa alikuja na ndugu yake, wakapanga chumba kwa wanakijiji wa jirani. Ndugu alipika na kufua. Mgonjwa alikwenda hospitali kwa matibabu, kisha akarudi kijijini kulala. Wenye nyumba walilipwa kodi. Twawaomba wasomaji watazame jambo hilo la kodi, kwa kuwa huruma peke yake huchoka, na Daktari Lambo hakuwaomba watu maskini wabebe mzigo bure.

Katika nchi yetu sheria ilikwenda polepole. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliruhusu matibabu katika hospitali za kawaida, tena ikakataza kampuni ya bima kutoa bima ya ugonjwa inayowatenga wagonjwa wa akili. Tulipofika hapo tuliweka kalamu chini. Chama chetu si kampuni ya bima, lakini neno lile ambalo sheria ililikataza kwa matajiri wa Nairobi ndilo tulilokuwa tumeliandika katika kanuni zetu wenyewe.

Baadaye wagonjwa walianza kujisemea. Mwaka 2007 watu waliopitia maradhi haya waliunda chama chao cha nchi nzima, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, wakidai washauriwe juu ya matibabu yao. Mwaka 2019 serikali iliunda kamati chini ya Daktari Frank Njenga, nayo katika ripoti yake ikashauri kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Sheria ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo mtu aliyeokolewa mtini aliweza kutolewa wodini na kupelekwa kortini.

Halmashauri imeyasikia haya. Katika mkutano ujao italetwa hoja ya kubadili kanuni isomeke "mgonjwa wa mwili au wa akili," na mfuko ulipe nauli ya mgonjwa pamoja na ndugu mmoja wa kumsindikiza, kwa mfano wa Aro. Wako wanachama wanaosema mfuko utakauka, kwa sababu ugonjwa huu hauna siku ya kumalizika. Neno lao lina uzito, na hesabu ya fedha imewekwa ukurasa unaofuata ili kila mtu aipime.

Mama yule tulimsomea makala hii kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Alituomba jambo moja tu: mwanawe asitiwe katika orodha ya wasiojiweza, kwa kuwa ada yake ya mwaka huu ameilipa mwenyewe.