Safura Katika Njia ya Misafara ya Tabora

Msomaji aliyefika Tabora hakosi kuona miembe mikubwa ya zamani, ukumbusho wa njia ya misafara. Chini ya miti kama ile wapagazi walitua mizigo, wakapika, wakalala. Twapenda kusimulia habari za pembe, nguo na shanga zilizopita hapo. Lakini ulikuwako mzigo mwingine, ambao watu wengi waliuchukua wasijue, si kichwani wala begani, ila tumboni. Mzigo huo ni minyoo ya safura.

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Wapagazi hodari kupita wote walikuwa Wanyamwezi, nao wengi walikwenda kwa miguu mitupu. Msafara ulilala katika kambi ile ile iliyoachwa na msafara uliotangulia, na choo cha wote kilikuwa kichaka kilicho karibu.

Mwaka 1870 Dokta Livingstone alikuwa Bambarre, katika nchi ya Manyema, ambako mateka wengi walitolewa na kupelekwa Ujiji na Tabora, hata pwani. Katika kitabu chake cha habari za kila siku aliandika juu ya ugonjwa ambao watu wa Unguja waliuita safura. Mgonjwa hula udongo, hasa ule wa ukutani. Miguu humvimba, mwili hukonda, pumzi humwishia akitembea kidogo tu, naye haachi kula udongo mpaka afe. Livingstone aliona ya kuwa si njaa iletayo jambo hili, maana hata watumwa walioshiba walishikwa nalo, na matajiri pia.

Tena aliandika dawa aliyoambiwa na Mohamad, mfanyabiashara aliyekuwa naye huko, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kuuponya ugonjwa huo. Mavi ya chuma hutiwa motoni hata yawe mekundu, kisha hutupwa katika siki kuukuu ya mnazi, ikachanganywa na mvuje na vitu vingine. Mgonjwa hunywa asubuhi na jioni, muda wa siku saba.

Pengine msomaji atacheka dawa hiyo. Asicheke upesi! Leo twajua ya kuwa mgonjwa wa safura hupungukiwa damu, na damu haifanyiki pasipo madini ya chuma. Wazee wale hawakujua kisa cha ugonjwa, lakini katika siki yao walimnywesha mgonjwa chuma.

Kisa chenyewe kilijulikana polepole. Mwaka 1838 tabibu Dubini wa Milan, katika Italia, alimwona mnyoo mdogo, urefu wake kama sentimeta moja, ndani ya utumbo wa maiti. Mnyoo huyo huuma ukuta wa utumbo na kunywa damu. Lakini aliingiaje? Wengi walidhani kwa kinywa tu. Ndipo Looss, mtaalamu aliyekuwa Cairo, akamwagikiwa mkononi na maji yenye watoto wa minyoo hiyo. Ngozi ikamwasha, baada ya majuma kadhaa akaona mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Mwaka 1898 alitangaza ya kuwa huingia kwa ngozi.

Basi sasa twaweza kuzisoma upya habari za kambi zetu. Mayai hutoka na choo cha mgonjwa, huanguliwa katika udongo wenye joto, unyevu na kivuli, na baada ya siku chache mnyoo mchanga hungoja unyayo. Akiisha kuingia, huchukuliwa na damu hata mapafuni, hupanda kooni, humezwa, hukaa utumboni miaka. Hivyo aliyelala kambini leo alimwachia ndugu yake wa juma lijalo urithi mbaya. Wengi walidhani udongo ndio ulioleta safura. Kumbe mara nyingi upungufu wa damu ndio uliomtamanisha mtu udongo. Mpagazi aliyebaki nyuma akihema pengine aliitwa mvivu, naye hakuwa mvivu. Damu yake ilikuwa ikinywewa.

Livingstone naye hakuponyoka maradhi ya matumbo. Alikaa Kwihara, karibu na Tabora, hata tarehe 25 Agosti 1872, kisha akashika njia ya kusini, akihara damu mara kwa mara. Alikufa kijijini kwa Chitambo mwanzo wa Mei 1873. Farijala, aliyewahi kumtumikia tabibu huko Unguja, alipoufungua mwili aliona tumboni bonge kubwa la damu iliyoganda. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili huo, wakapita Kwihara, hata pwani. Dokta Dillon, tabibu aliyefuatana nao kutoka Kwihara, alishikwa na homa na kuhara, akajiua njiani mwezi wa Novemba kwa kuchanganyikiwa na homa. Habari za mabwana hawa zimeandikwa. Wapagazi waliokufa kwa maradhi kama hayo, nani alihesabu makaburi yao?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ikaisha. Lakini mnyoo hakupanda gari moshi akaondoka. Yumo bado katika udongo wa vijiji vingi. Siku hizi watoto hupewa vidonge vya albendazole shuleni, navyo huwatoa minyoo. Lakini kidonge hakizuii mnyoo mwingine kuingia kesho. Torati, katika sura ya 23 ya Kumbukumbu, iliwaagiza watu wa kambini watoke nje, wachimbe, wafukie. Sisi hatumo safarini. Tuna nyumba na majembe. Basi tuchimbe choo kirefu, tuwavike watoto viatu, na mtu ahemaye na kula udongo tusimwite mvivu, bali tumpeleke kwa mganga wa hospitali.