Rubani Hulipiwa na Nani?

Wadau, leo hakuna mambo ya programu. Jirani mmoja hapa mtaani ameniuliza kama auze ploti yake ili kijana wake asomee urubani, ati kwa sababu mimi ni "mtu wa kompyuta" na lazima nijue. Badala ya kumjibu ndiyo au la nimeamua kuchimba historia, maana swali lake lina umri wa karibu miaka mia moja: nani hulipa, na mambo yakienda mrama hasara ni ya nani?

Sisi wa Eastlands tumekulia chini ya ndege. Kabla ya 1958 ndege za abiria zilikuwa zikitua Eastleigh, pale palipo kambi ya jeshi la anga leo. Mwaka huo ukafunguliwa uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau waliolazimishwa kufanya kazi wakati wa Hali ya Hatari. Mchango wa Mwafrika ulikuwa sururu na karai. Usukani ulikuwa wa wengine.

Na hao wengine walijilipia. Wilson Airways ilianzishwa hapa Nairobi 1929 na Florence Kerr Wilson, mjane mwenye pesa zake, ndiyo maana uwanja wa Wilson una jina hilo. Beryl Markham alifundishwa kuruka na Tom Campbell Black, rubani wa kampuni hiyo, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Hadithi tamu, lakini angalieni na vifo. Denys Finch Hatton, aliyekuwa na ndege yake mwenyewe, alianguka nayo Voi 1931. Campbell Black naye alikufa Liverpool baada ya kugongwa na ndege nyingine uwanjani, mwezi ule ule ambao mwanafunzi wake alivuka bahari. Walihatarisha maisha, sawa, lakini hakuna aliyeuza ng'ombe wa familia.

Baada ya vita ikaja East African Airways, 1946, na baada ya uhuru ikawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Halafu 1971 ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote: Soroti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani katika mji huo wa mashariki mwa Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili mataifa matatu yafundishe marubani na mafundi wao nyumbani badala ya kuwapeleka Ulaya. Hebu fikirieni hesabu yake. Ndege, mafuta, wakufunzi, yote gharama ya umma. Kijana akishindwa hasara inagawanywa kwa nchi tatu. Kwa lugha yetu ya kazi, mzigo uligawanywa kwenye seva nyingi.

Haikudumu. Mwanzoni mwa 1977 shirika lilisambaratika kwa ugomvi wa madeni, Kenya ikaunda Kenya Airways, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya yenyewe ikawa imekufa. Chuo cha Soroti kilibaki mikononi mwa Uganda. Sisi tukabaki na shule za kulipia pale Wilson. Kenya Airways imewahi kudhamini wanafunzi kwa vipindi, lakini mzazi wa Umoja au Donholm hawezi kupanga maisha kwa kungoja vipindi.

Sasa tuangalie anachonunua huyo mzazi. Leseni ya kwanza, ya mtu binafsi, inataka angalau saa 40 angani. Ya kibiashara ni saa 200, au 150 kwa kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Kuwa kapteni wa ndege kubwa kunataka saa 1,500. Kila saa ina bili, kwa sababu mafuta na vipuri vinatoka nje na hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 113. Januari 2024 ikapita 160. Mwanafunzi aliyekuwa katikati ya kozi aliona bajeti ya nyumbani ikiyeyuka bila yeye kukosea chochote.

Mimi nikiharibu programu naifuta na kuanza upya, gharama ni umeme na chai. FlightGear unaipakua bure na kuangusha ndege mara 50 kwa usiku mmoja, lakini hakuna mamlaka itakayokuandikia saa hata moja kwa hilo. Halafu cheti changu cha chuo hakiozi. Cha rubani huoza: kipimo cha afya cha daraja la kwanza hurudiwa kila mwaka, na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vifaa lazima ihuishwe. Kijana mwenye saa zake 200 na bila kazi anaendelea kulipa ili tu abaki alipo. Mwajiri naye anataka saa zaidi, pamoja na mafunzo ya aina maalumu ya ndege, ambayo ni bili nyingine kabisa.

Soko nalo ni kigeugeu. JetLink ilisimamisha safari Novemba 2012, na waliokuwa ndani wakarudi kupanga foleni moja na hao wapya. Mwaka 2020 korona ilipoingia, Kenya Airways yenyewe ilipunguza wafanyakazi. Mkopo wa Sacco haujui korona.

Hilo ni deni tu. Hatari ya mwili haijaondoka tangu enzi za Finch Hatton. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mwanafunzi na mkufunzi wake walianguka ndani ya Mbuga ya Nairobi na kufa wote wawili. Pale Wilson, anayejifunza na anayebeba watalii hupaa kutoka uwanja mmoja na kugawana anga lile lile.